Nyuzi Ishirini na Sita

Nilitoka chuo kikuu cha Mogadishu na kitu kimoja tu: kipimajoto. Cheti sikupata. Nilikuwa mwaka wa tatu, nimebakiza mmoja, vita vikaingia mjini Januari ya tisini na moja, na mlinzi wa maabara akaniambia, "Waryaa, wewe kijana, chukua chako uende." Changu hakikuwepo. Nikachukua kipimajoto cha serikali, nikakitia ndani ya soksi, nikashuka nacho mpaka Kismayo juu ya lori la vitunguu, na kutoka hapo kwa mashua mpaka kwetu Chovae. Nilinuka vitunguu wiki nzima, lakini kipimajoto kilifika kizima.

Chovae ni kisiwa kidogo cha Wabajuni, unakizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Watu wake wanavua, wanaunda vyombo, na wanajua nani kakohoa nyumba ya tatu. Nilipofika na kijiti changu cha kioo nikaanza kupima kila kitu. Chai ya shangazi: sabini na nne. Kisima cha msikitini: ishirini na saba. Kwapa la mbuzi wa Mzee Fumo: thelathini na tisa, na teke moja la goti. Watu walicheka, na hicho ndicho nilichokuwa nataka. Tangu mdogo, nikiwa sichekeshi mtu nahisi kama sipo.

Hapo lazima niseme habari ya upupu, maana bila hiyo hadithi haiendi.

Upupu ni yale maganda yenye manyoya, ukiguswa nayo unajikuna mpaka unataka kuvua ngozi. Kule Darakasi, kisiwa cha jirani, yanaota mengi. Mwaka wa themanini na tisa Nasrudin alikuwa anaoa. Nasrudin ni rika langu, nahodha, kifua mbele, mtu asiyejua mzaha. Nikapukusa upupu kidogo, kidogo tu, ndani ya kikoi chake cha harusi. Bwana harusi alicheza ngoma ambayo haijapigwa. Swabra, bibi harusi, alicheka mpaka wanja ukamwagika mashavuni. Nasrudin hakucheka. Kutoka siku hiyo kisiwa kizima, mtu akijikuna mbu tu, wanageuka kunitazama mimi.

Nilikuwa najivunia jambo hilo.

*

Mwaka wa tisini na mbili hapakuwa na cha kujivunia. Wenye bunduki walikuja Chovae mara tatu. Mara ya kwanza walichukua mashine za boti. Mara ya pili nyavu. Mara ya tatu hapakuwa na kitu cha kuchukua, wakakasirika. Familia zikaanza kuondoka kwenda Kenya, wiki hii nyumba mbili, wiki ijayo nne, mpaka tukabaki watu thelathini na tano na boti moja ya Nasrudin. Mashine yake ilinusurika kwa sababu Swabra aliizika jikoni, chini ya jivu, akawa anapika juu yake. Tulikubaliana tutaondoka Alhamisi asubuhi, maji yakijaa.

Jumanne Nasrudin akaenda Kismayo kutafuta dizeli. Jumatano kabla ya adhuhuri akarudi na madumu mawili na sanduku la mbao, na ndani ya sanduku jodari sita, kila mmoja kimo cha mtoto wa miaka minne.

Watu walikuwa wamekula sima ya mtama na chumvi siku tano. Wanawake walipiga vigelegele kama wamezaliwa wana sita.

"Umewavua wapi?" mtu akauliza.

"Sikuvua. Ghala la barafu limefunguliwa. Dizeli imeisha, jenereta limekufa, walinzi wamesema kila mchu achukue kabla hawajafika wale wengine." Kwetu mtu tunamwita mchu, na Nasrudin akiwa na furaha Kibajuni chake kinakuwa kizito zaidi.

"Lilikufa lini?" nikauliza mimi.

"Nini?"

"Jenereta."

"Juzi. Juzi ya juzi. Kwani unataka kulisomea talakini?"

Wakacheka. Mimi sikucheka, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza, lakini nani anaangalia dalili kwenye uso wa mtu kama mimi?

"Na milango ya ghala?"

"Wazi tangu juzi. Wachu wanaingia na kutoka kama nyumba ya harusi."

Nikasogea kwenye sanduku. Jodari walikuwa wamezungukwa na vipande vya barafu vya mwisho, ngozi zao baridi, zinang'aa. Nikatoa kijiti, nikakisukuma mgongoni mwa mkubwa wao mpaka karibu na mfupa, nikahesabu mpaka mia.

Nyuzi ishirini na sita.

Shangazi Mwanalima alikuwa ameshachuchumaa upande wa pili. Shangazi ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa nanyonya. Na shangazi ndiye aliyekuwa pua ya Chovae. Samaki wa shaka anapelekewa yeye. Anafunua shavu la samaki, anatazama wekundu. Anabonyeza jicho kwa kidole gumba. Ananusa mara mbili, mara ya pili amefumba macho. Akisema "mzima," analiwa. Akinyamaza, anarudi baharini. Miaka arubaini hakukosea.

Akafanya yote hayo. Akafumbua macho. "Mzima."

"Shangazi," nikasema, "huyu asiliwe."

Wakageuka wote kunitazama. Hata kuku.

"Ananuka?" akaniuliza.

"Hanuki."

"Jicho limezama?"

"Halijazama."

"Nyama imelegea?"

"Haijalegea."

"Basi anaumwa nini, malaria?"

Hapo walicheka mpaka Mzee Fumo akashikilia ukuta. Mimi nimesimama na kijiti mkononi kama daktari wa samaki. Ingekuwa siku nyingine ningecheka nao, ningempima jodari kwapa.

*

Sasa niseme nilichokuwa nasoma.

Maabara yetu Mogadishu ilikuwa na makabati matatu ya joto. Nilikuwa nachukua vijidudu kutoka mashavu ya jodari na vibua wa sokoni, navigawa visahani vitatu. Kimoja nakiweka nyuzi tano, kimoja ishirini na tano, kimoja thelathini na saba. Kila siku nahesabu wameongezeka wangapi, na napima kimeng'enya chao. Kimeng'enya ni kama kisu anachojitengenezea kijidudu ili akate chakula chake. Sasa wapo vijidudu ambao kisu chao kinaikata nyama ya jodari na kuigeuza kitu kinachoitwa histamini. Hiyo histamini ikikuingia, mwili unadhani umeng'atwa na nyuki mia.

Nilitegemea kwamba penye joto zaidi ndipo penye sumu zaidi. Akili ya kawaida. Kwenye nyuzi tano walilala, sawa. Kwenye thelathini na saba walizaana kama wamelipwa. Lakini visu vingi zaidi havikutoka huko. Vilitoka kwenye kile kisahani cha katikati, kile cha ishirini na tano, kile ambacho mkono wako ukikigusa unasema hakuna joto wala baridi. Wachache kuliko wenzao, ila kila mmoja ana kisu kikali. Na hao hawanuki. Kwenye joto kali samaki anaoza haraka, unamnusa, unamtupa, umepona. Kwenye uvuguvugu anabaki mzuri, macho yanameremeta, na ndani kumejaa sumu. Halafu jambo la mwisho: ukimrudisha kwenye barafu, kijidudu analala, lakini kisu chake hakilali. Kinaendelea kukata, polepole.

Nilifanya mara mbili, nikaona hivyo mara mbili. Mwalimu wangu akasema, "Vizuri. Fanya mara ya tatu, kisha uandike." Ya tatu ilikuwa kabatini, siku ya pili, umeme ulipokatika na mizinga ikaanza. Sikuwahi kulifungua lile kabati.

Haya yote niliwaeleza uwanjani Chovae, huku wanawake wananoa visu vya kweli.

"Kwa hiyo," akasema Swabra, "samaki akioza ni mzuri, akiwa mzuri ni mbaya?"

"Sivyo hivyo."

"Ndivyo ulivyosema, Mukhtari. Na tukimkaanga?"

"Moto unaua vijidudu. Hata kimeng'enya unakiua. Lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa haiungui. Ni kama umemfukuza mpishi, chakula kimebaki sinia."

"Basi tutakula chakula, mpishi aende zake," akasema Nasrudin, na mjadala ukaishia hapo. Shangazi alikuwa anaparura magamba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Baadaye nilielewa kwamba mimi nilizungumza habari ya vijidudu, na yeye alisikia habari ya pua yake.

*

Kwetu jodari hagawiwi ovyo. Nyama ya tumboni, yenye mafuta, ni ya wazee. Ya mgongoni ya wenye nyumba zao. Mkia ni wa asiyeoa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimekula mikia tangu nijue kutafuna.

Wakaniambia nitandike mikeka. Nikatandika. Wa wazee nikautandika kivulini, kwa adabu zangu zote. Jodari akaja wa kukaanga, na ndimu, na sima. Mkia wangu nikampa paka wa Swabra. Akaula, akajilamba miguu yote minne, akalala usingizi wa mtu asiye na dhambi.

Ikapita nusu saa. Mzee Fumo akaanza kujikuna shingo.

Kisha mwenzake wa kulia. Kisha wa kushoto. Nyuso zao zikawa nyekundu kama wamepigwa makofi, masikio yakavimba, midomo ikawa inawasha. Mmoja akasema moyo unamwenda mbio, mwingine akatapika nyuma ya ukuta. Wote wa mkeka mmoja. Wachache wa mikeka mingine walilalamika kichwa tu, na vijana wa mikia hawakuhisi chochote. Mimi niliona darasa zima limechorwa mbele yangu: vijidudu vinaanzia mashavuni na matumboni, sumu inakuwa nyingi kwenye nyama iliyo karibu na tumbo, kwa hiyo waliopewa heshima ndio waliopewa sumu. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, Mungu anisamehe.

Nasrudin naye aliona darasa lake.

"Nani alitandika mkeka huu?"

Macho yote yakanigeukia mimi.

"Nasrudin, wallahi sikutia kitu."

"Samaki tumekula sote. Waliowashwa ni waliokaa mkeka wako. Na wewe mwenyewe hukula. Tumekuona. Umempa paka."

"Kwa sababu nilijua!"

"Ndiyo ninavyosema. Ulijua."

"Upupu hautapishi mtu! Tazameni, yule katapika!"

"Mimi nilitapika harusini kwangu," akasema Nasrudin, taratibu sana. Na kweli alitapika, kwa hasira. Nilikuwa nimesahau.

Wakautia mkeka moto. Wazee wakamwagiwa maji ya kisima. Alasiri ilipoingia wekundu ukapungua, wakalala, wakaamka wazima, wananuna. Nilikwenda kwa shangazi jikoni. Alikuwa ameinamia sufuria.

"Shangazi, wewe unanijua. Leo ningefanya mzaha? Leo?"

"Ulifanya siku ya maziko ya mume wangu," akasema. "Ulimfunga mbuzi kilemba."

"Nilitaka ucheke."

"Nilicheka." Akafunika sufuria. "Kalale, mwanangu. Kesho safari."

*

Asubuhi boti ilikuwa majini, mashine imefukuliwa jikoni, imepangusiwa jivu. Watu wakapanda na vifurushi vyao. Nasrudin alinionyesha mahali karibu na mlingoti, sehemu iliyo wazi.

"Hapo. Mikono juu ya magoti, niione. Tumejaa kupita kiasi. Mchu mmoja akiruka kujikuna upande mmoja, tunapinduka sote. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

Na nilimwelewa kweli. Ningekuwa nahodha mimi, mtu kama mimi nisingempakia.

Halafu wakaleta sufuria. Kubwa, ya harusi, imefunikwa kwa kitambaa. Jodari waliobaki, wamekaangwa, wa kutosha siku mbili za safari. Nyama za tumboni juu kabisa, za wazee. Nikafikiria watu thelathini na tano katikati ya bahari, wanatapika, moyo unakwenda mbio, maji ya kunywa madumu matatu, wazee wa miaka sabini, na boti ambayo mtu mmoja akiruka inapinduka.

"Iacheni," nikasema.

Nasrudin akafumba macho. "Usianze."

"Pakieni mtama. Pakieni ndimu. Iacheni hiyo, nawaomba. Nipigeni, nifungeni kamba, lakini iacheni hiyo."

"Kama ni sumu," akasema, "kula wewe. Ukijikuna, namwaga mwenyewe."

"Lete."

Akafunua kitambaa, akanitolea mkia.

"Nipe ya tumbo."

"Ya tumbo ya wazee. Wewe umeoa lini?"

Wengine wakacheka. Nikaula mkia. Nikaomba mwingine, nikaula. Nikasimama maji yakiwa magotini, watu wote wananitazama, na kwa mara ya kwanza maishani nikatamani kuchekwa nikijikuna. Nikangoja. Nikaupiga uso wangu makofi kichinichini ili damu ipande. Maji yalikuwa yameanza kurudi. Boti ilishagusa mchanga mara moja, ikanyanyuka. Nikangoja tena. Ngozi yangu ilikuwa baridi na laini kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Maji yanatuacha," akasema Nasrudin. "Panda, mwongo wewe."

Akawakabidhi sufuria walio ndani. Nikawa karibu naye. Mkono wa sufuria ukanipita mbele ya kifua, na mimi sikufikiri tena. Nikaivuta. Nikaipindua yote baharini.

Nimefanya mizaha mingi, najua kelele za watu waliofanyiwa mzaha. Mara hii hapakuwa na kelele. Mtama ulikuwa kiasi cha kibaba, ndimu kapu moja, na chakula cha watu thelathini na tano kinaelea, ndege wa bahari wanakishukia. Mtoto mmoja akaanza kulia, kidogo kidogo.

Nasrudin hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alipanda, akashika usukani, akamtazama shangazi.

"Shangazi Mwanalima. Ni mwana wako. Sema."

Shangazi alikuwa amekaa mbele, kanga kichwani, mikono mapajani. Alinitazama muda mrefu. Nilijua anatafuta usoni mwangu kile kitu kidogo kinachonitoka kabla sijacheka, yeye peke yake alikuwa anakijua. Nadhani hakukiona. Nadhani hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Chombo ni chako, Nasrudin," akasema.

Mashine ikalia, ikakohoa jivu, ikashika.

*

Nilikaa mchangani. Sikulia, nilikuwa nafikiria jambo moja tu, nalo lilikuwa baya kuliko kuachwa: huenda nilikosea. Mara mbili si mara tatu. Mwalimu alisema mara ya tatu. Labda kile kisahani cha katikati kilichanganyika na kingine. Labda wazee walidhuriwa na ndimu, au mkeka ulikuwa na viroboto. Mimi ni nani? Mtu wa mwaka wa tatu, mwenye kipimajoto cha wizi.

Kipande kimoja kilikuwa kimerudishwa na wimbi mpaka miguuni pangu. Nyama ya tumbo, nono, ya mzee. Nikaipangusa mchanga. Kwa mara ya kwanza nikala nyama ya tumbo ya jodari, nami sijaoa, wala hapakuwa na wa kunikataza. Ilikuwa tamu sana. Kwa mbali iliuma ulimini kama pilipili manga. Nikaanza kuhesabu.

Boti ilikuwa inatafuta mlango wa kutokea kwenye miamba, inakwenda polepole, bado naona rangi za kanga.

Nilipofika mia tisa, masikio yakapata moto. Kisha shingo. Kisha kifua kizima, mikono, nyayo. Moyo ukaanza kupiga mlango. Nikatazama mikono yangu: nyekundu, imevimba vidutu vidutu.

Mara ya tatu. Mara ya tatu, mwalimu!

Nikaruka. Nikakimbilia majini, nikavua shati, nikalipunga, najikuna kwa mkono mmoja, napunga kwa mwingine, nanyanyua mguu mmoja mmoja kwa sababu nyayo zilikuwa zinawaka. "Nasrudin! Tazama! Shangazi! Tazama!" Nilicheza pale kama mwendawazimu, ngoma ile ile ya bwana harusi. Na kutoka kwenye boti, upepo ukaniletea sauti.

Walikuwa wanacheka.

Si wote. Lakini nilimsikia Swabra, kicheko chake sikisahau, na sauti ya mtu mzima, labda Mzee Fumo. Walidhani nawaiga. Walidhani nawaaga kwa mzaha wa mwisho. Kanga moja ikanyanyuliwa mbele, ikapungwa mara moja. Kisha boti ikapita mlango wa miamba, ikageuka kusini.

Nikabaki mimi, na paka.

*

Nilikaa Chovae siku kumi na moja peke yangu. Nilikula ndimu na chaza. Asubuhi na jioni nilipima joto la mchanga, la kisima, la jiwe la msikiti, nikaandika kwa mkaa ukutani kwa shangazi, safu nzuri, kama mwanafunzi. Nilipoishiwa vitu vya kupima nilijipima mwenyewe. Thelathini na sita na nusu, kila siku, thelathini na sita na nusu. Siku ya kumi na mbili wakapita watu wa kisiwa cha Koyama waliokuwa wanakimbia, wakanichukua. Kipimajoto kilivunjika kwenye boti yao, mtu alikikalia. Nilitazama zebaki ikikimbia kwenye mbao vipande vipande, nikasema ahsante.

Lamu nilikwama bila karatasi zaidi ya mwaka. Nilipofika kambini Mombasa, mtu wa kwanza kuniona akapiga kelele, "Upupu kaja!" Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba walifika. Wote thelathini na wanne. Hakuna aliyeumwa njiani. Walikula mtama mbichi na ndimu, wakanitukana siku mbili mchana kutwa, na hadithi yangu ikawa ndiyo hadithi ya safari. Shangazi hakuwepo. Nasrudin na Swabra walishapata mtu wa kuwavuta Ulaya, wakaondoka na shangazi.

Sasa hivi nafanya kazi kwenye ghala la samaki hapa hapa Mombasa. Naangalia mishale ya vipimo vya baridi. Mshale ukipanda napiga kelele, na wananisikiliza, kwa sababu hawanijui.

Shangazi alinipigia simu mara moja. Ilikuwa mchana, nimekaa juu ya kreti, miaka tisa imepita. Sauti yake ilikuwa imekonda. Aliniuliza kama nimeoa. Nikamwambia bado nakula mikia. Akacheka, akakohoa muda mrefu, na Swabra akasikika nyuma akimwambia apumzike.

"Mukhtari."

"Labeka, shangazi."

"Nataka kukuuliza kitu, unijibu kweli. Naona siku zangu si nyingi, na jambo hili linanikaa hapa. Siku ile. Mimi nilimnusa mara mbili yule samaki. Nikasema mzima, nikawapa wazee kwa mkono wangu. Halafu nikakuacha." Nilisikia pumzi yake, na kitu kinapiga piga huko kwao, labda bomba la kupashia nyumba joto. "Ilikuwa upupu, au alikuwa samaki?"

Miaka tisa nilikuwa na jibu. Nililijua kwa moyo, na nyuzi zake zote, tano, ishirini na tano, thelathini na saba. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuniuliza.

Nikatazama mshale ukutani. Ulikuwa sawa.

"Upupu, shangazi," nikasema. "Wa Darakasi."

Kisha pumzi ikamtoka, ndefu, kama mtu anayeshusha ndoo kichwani.

"Mshenzi wewe," akasema, na akaanza kucheka. "Mshenzi mkubwa wewe."

Nikacheka naye mpaka simu ikakatika.